SOMO LA ROBO HII: KABLA KAMATI HAIJANUNUA STUDIO
Kuchagua programu nafuu ya kurekodi nyimbo nyumbani



Katika maombi ya misaada midogo yanayofika ofisini kwetu, lipo moja kutoka kigango kimoja ambalo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Kamati iliomba fedha za kuanzisha studio ya kwaya. Barua ilikuwa nzuri, ina saini tatu na mhuri, na sababu zao zilieleweka. Kaseti yao ya kwanza, ya miaka ya nyuma, ilinakiliwa na kuuzwa vibandani bila wao kupata hata senti. Albamu ya pili waliirekodi mjini. Walilipa kwa kila wimbo, wakalipa nauli na chakula cha watu zaidi ya thelathini kwa siku nne, na malipo ya mwisho yalipochelewa, mwenye studio akaizuia kazi. Hadi wanatuandikia walikuwa na CD moja tu ya majaribio. Nyimbo zenyewe, zikiwamo tatu za mtunzi wao mzee ambaye sasa ni marehemu, zilikuwa ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Hivyo waliazimia kwamba safari hii watarekodi nyumbani, katika chumba cha mpiga kinanda wao, kijana mwenye bidii ambaye hajawahi kurekodi hata wimbo mmoja.

Bajeti ilikuwa na kompyuta, spika kubwa mbili, meza, zulia na kiyoyozi. Mstari wa tisa ulisomeka hivi: "Programu ya kurekodia: itapatikana kwa fundi, bila gharama."

Mstari huo ndio uliotufanya tuyarudishe maombi. Tuliwaandikia maswali, nao wakatujibu kwa maswali yao. Kwa kuwa tunajua kwaya nyingi zina nia kama hiyo, tumeona ni vema kamati nyingine nazo zifaidike na mazungumzo hayo.

PROGRAMU YA KUREKODI NI KITU GANI

Kwa wale ambao hawajaiona: ni programu ya kompyuta inayopokea sauti kutoka kwenye maiki, inaihifadhi, na kuruhusu sauti nyingine iongezwe juu yake bila kuifuta ile ya kwanza. Kila sauti inakaa kwenye mstari wake, ambao mafundi huuita traki. Sauti ya kwanza wakiimba leo na besi wakaimba Jumamosi ijayo, programu inawaunganisha wasikike kana kwamba walisimama pamoja. Baadaye fundi anapandisha hapa, anapunguza pale, anaondoa kikohozi cha mtu. Kazi hiyo huitwa kumiksi. Mwishoni programu inatoa faili moja la kuchoma kwenye CD au kutuma kwa simu.

Wanaoanza huambiwa kwamba bila programu kubwa yenye traki mia hakuna kitakachotoka. Hebu tukumbuke historia kidogo. Mwaka 1967 kundi la Beatles la Uingereza lilitoa albamu ya Sgt. Pepper, na mashine zilizotumika katika studio ya EMI jijini London zilikuwa na traki 4 kila moja. Mwaka 1979 kampuni ya TASCAM ya Japani ikatoa Portastudio, mashine ya traki 4 iliyotumia kaseti za kawaida, na mwaka 1982 Bruce Springsteen wa Marekani akatoa albamu ya Nebraska aliyoirekodi nyumbani kwa mashine ya aina hiyo. Kwaya zetu zina sauti nne. Ukiongeza kinanda, ngoma na kayamba, hufiki hata traki kumi.

"ITAPATIKANA KWA FUNDI"

Tuseme wazi. Maneno hayo yana maana ya programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, ambayo vijana huiita kraki. Fundi anaiweka kwa bei ya soda, na hakuna anayejisikia kuwa ameiba kwa sababu hakuna kilichopungua dukani.

Lipo tatizo la kiufundi. Programu za namna hiyo mara nyingi huja na maelekezo ya kuzima kwanza kinga ya virusi, na anayeyafuata amekwisha mfungulia mlango mgeni asiyemjua. Mmoja wetu hapa ofisini aliwahi kuitwa kuokoa kompyuta ya kwaya ya vijana iliyowekewa programu hivyo. Nyimbo sita, kazi ya miezi mitatu, zilikuwa zimefungwa na kirusi kinachodai fedha. Hatukuokoa hata mmoja.

Lipo pia suala la sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Kenya inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inayofanya hivyo hivyo. Parokia ni taasisi, ina mhuri na mkaguzi wa hesabu, wala haiwezi kujitetea kwamba haikujua.

Lakini kilichowagusa zaidi wenzetu wa kigango hakikuwa virusi wala sheria. Tuliwaomba wasome tena barua yao wenyewe. Ukurasa wa kwanza unalalamika kwamba kaseti yao ilinakiliwa bila malipo. Ukurasa wa tatu, mstari wa tisa, unasema programu itapatikana bila gharama. Katibu alitujibu kwa maneno mawili: "Tumeelewa, Baba." (Aliyemwandikia si padre, lakini tulipokea heshima hiyo.)

Na tatizo hilo lina dawa rahisi, maana zipo programu halali za bure, na za bei ambayo kwaya inaweza kuichanga Jumapili moja.

PROGRAMU ZENYEWE

Tuanze na Audacity. Ilianzishwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Ni ya bure, na ni bure kweli: leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na haihitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Unabonyeza kitufe chekundu, unaimba, unasimamisha. Kwa mtu ambaye hajawahi kurekodi hatujaona mwalimu mzuri kuliko huyu. Zamani ukiongeza mwangwi au kupunguza besi, ilikuwa inabadilisha rekodi yenyewe. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 unaweza kuongeza vionjo hivyo huku unasikiliza, na sauti ya asili ikabaki salama. Upungufu wake ni kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya kurekodi noti za kinanda kwa njia ya MIDI, yaani ile ambayo kinanda kinatuma maelekezo ya vidole badala ya sauti. Kinanda chako utakirekodi kama sauti ya kawaida, kwa waya. Kwa nyimbo za kwaya hilo halijamzuia mtu.

REAPER ndiyo ambayo sisi tungeichagua kwa kwaya iliyokwisha kupata uzoefu wa miezi michache. Ilianza kutolewa mwaka 2005, na aliyeianzisha, Justin Frankel, ndiye yule yule aliyetengeneza Winamp, programu ambayo wengi wetu tulisikilizia muziki kwenye kompyuta zetu za kwanza. Faili lake la kupakua ni dogo sana, jambo ambalo mwenye kununua kifurushi cha intaneti atalithamini. Idadi ya traki haina kikomo kilichowekwa, na MIDI ipo. Leseni yake ni dola 60 za Marekani, kama shilingi laki moja na nusu hivi za Tanzania kutegemea bei ya dola siku hiyo. Bei hiyo ni kwa matumizi ya mtu binafsi, kwa biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka, na kwa taasisi za elimu na zisizo za faida. Wengine hulipa dola 225. Unalipa mara moja, si kila mwezi.

Kuna jambo moja kuhusu REAPER ambalo kamati inapaswa kulijua mapema. Unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 ikiwa kamili. Siku ya 61 haijifungi. Inafunguka kama kawaida, ila kwanza inakuonyesha dirisha la kukukumbusha kwamba hujalipa. Mtu anaweza kuendelea hivyo miaka kumi na asikamatwe na mtu. Mweka hazina na aandike tarehe ya siku ya 60 kwenye kalenda ya ofisi.

Vijana wenu watawaambia kuhusu FL Studio, iliyoanza kwa jina la FruityLoops na kutengenezwa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Ni programu nzuri, na maprodyuza wengi wa muziki wa kizazi kipya wameikulia. Nguvu yake kubwa ni kutengeneza midundo. Kamati iwe macho hapa: toleo lake la bei ya chini, liitwalo Fruity, linalouzwa dola 99, halina uwezo wa kurekodi waimbaji kwenye traki. Ukitaka kurekodi sauti za watu ni lazima upande ngazi inayofuata, na bei inakaribia mara mbili. Aidha, toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini ukiifunga huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Fikirini kwaya iliyoimba tangu asubuhi, halafu kesho yake ikaambiwa hivyo.

Mwenye kompyuta ya Apple hana haja ya kuhangaika. GarageBand, iliyotolewa mwaka 2004, ni ya bure kwa watumiaji wa Mac, na kuanzia mwaka 2011 ipo pia kwa iPad na baadaye iPhone. Kama padre wenu amerudi kutoka masomoni na Mac ya zamani, mwombeni. Kununua Mac kwa ajili ya GarageBand peke yake ni sawa na kununua basi kwa sababu redio yake ni nzuri.

Kwa wasio na kompyuta kabisa ipo BandLab, inayofanya kazi kwenye simu za Android pia. Inasaidia mtunzi kuhifadhi wazo la wimbo kabla halijapotea. Lakini imejengwa juu ya intaneti, na vifurushi huisha katikati ya kazi.

Historia ya programu moja nyingine ina funzo. SONAR ilikuwa programu ya kulipia yenye sifa kubwa. Mwaka 2017 kampuni ya Gibson iliyoimiliki ilisitisha kuitengeneza. Mwaka 2018 BandLab ikainunua na kuitoa bure kwa jina la Cakewalk, watu wakafurahi. Mwaka 2025 toleo hilo la bure nalo likaachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na jingine lenye ngazi ya bure na ya kulipia. Ndiyo maana tunasisitiza: wimbo ukikamilika, toeni kila traki kama faili la WAV linalojitegemea, tangu sekunde ya kwanza ya wimbo hadi ya mwisho. Faili la WAV litafunguka katika programu yoyote, hata ile ambayo bado haijatungwa. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 8, kwa ubora mzuri wa biti 24, unachukua takriban MB 320. Albamu nzima inaingia kwenye diski ndogo ya kawaida. Nakala moja ibaki kwa fundi, ya pili ikae kwenye kabati la ofisi ya parokia pamoja na hati za kiwanja.

Hilo la nakala lingewaokoa wenzetu. Na kwaya zitakazoendelea kurekodi mjini ziandike kwenye mkataba, kabla ya kuimba noti ya kwanza, kwamba malipo yakikamilika faili za traki zote zitakabidhiwa kwa kwaya.

FEDHA ZIENDE WAPI BASI

Tukiangalia bajeti ile, spika na kiyoyozi vilikula zaidi ya nusu. Maiki haikutajwa kabisa. Walidhani maiki ya mahubiri itatosha. Kwa kweli inaweza kutosha kuanzia, kama ni maiki ya kawaida ya waya na ni nzima. Kinachokosekana ni kadi ya sauti ya nje: kisanduku kidogo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kuchomekwa maiki mbili au zaidi. Kisanduku hiki kinasafisha sauti, na vingi vyake hutoa umeme wa volti 48 unaohitajiwa na maiki za kondensa. Tena kinaondoa kero ambayo huwavunja moyo wanaoanza, nayo ni kuchelewa kwa sauti. Mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni akiwa nyuma ya anachoimba, na wimbo wote unalegea. Kadi nyingi za nje zina swichi ya kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijapita kwenye kompyuta. Vingi vya visanduku hivi huuzwa pamoja na programu nyepesi ya kurekodi, kwa hiyo someni boksi kabla ya kununua programu nyingine.

Hedifoni zinazofunika masikio vizuri ni muhimu kuliko spika kwa mwaka wa kwanza. Zisipofunika, kinanda kinachosikika ndani yake kinaingia kwenye maiki ya mwimbaji na hakitoki tena.

Kuhusu chumba, tuwaonee huruma kuku. Nyumba nyingi tulizotembelea zimebandikwa trei za mayai ukutani. Trei hizo hazizuii kelele za nje hata kidogo, na mwangwi zinapunguza kidogo tu, kwa sauti kali peke yake. Mablanketi mazito yaliyotundikwa kwenye kamba nyuma na pembeni ya mwimbaji yanafanya kazi kubwa zaidi. Godoro lililosimamishwa pia. Kama nyumba ni ya bati msirekodi wakati wa mvua. Rekodini usiku, zimeni feni, na simu zibaki nje kwa katibu. Umeme ukikatika kompyuta ya mezani inazimika na kazi, lakini laptopu yenye betri nzuri inawapa muda wa kuhifadhi.

Msiongeze sana nguvu ya maiki. Acheni mshale ufike kama desibeli 12 chini ya sifuri pale wanapoimba kwa nguvu zote. Sauti iliyopasuka haina programu ya kuiponya, ya bure wala ya ghali.

KWA WAHISANI WETU

Tunawashukuru mnaotuma kompyuta zilizotumika. Tunaomba mambo mawili. Kompyuta ije na Windows yenye leseni, bila programu za kazini kwenu ambazo leseni yake si yetu. Na kama mna fedha kidogo za kuongeza, msinunue programu kubwa kwa niaba ya kwaya. Gharamieni siku tano za mwalimu kukaa na kijana wa kinanda hadi arekodi wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tumekwisha kuona vifaa vya thamani vikiwa bado ndani ya maboksi yake sakristia, juu yake pamewekwa mishumaa.

WALIPOFIKIA

Kigango kile kilileta bajeti ya pili. Kiyoyozi hakimo, na spika zimesogezwa mwaka ujao. Zimeingia kadi ya sauti yenye matundu mawili, maiki moja, hedifoni mbili na diski ya kuhifadhia. Mstari wa tisa sasa unasomeka: "Audacity, bure, miezi mitatu ya mafunzo. Baadaye REAPER, leseni 1, dola 60, risiti kwa mweka hazina." Mstari wa kwanza kabisa, ambao haukuwapo mwanzoni, ni kulipa deni la studio ya mjini kwa mchango wa jumuiya zote na kuchukua faili za zile nyimbo tatu za marehemu. Tuliwakumbusha waombe kila traki katika WAV, wasikubali kupewa CD tu.

Wametutumia wimbo wao wa kwanza wa nyumbani. Besi wako mbali na maiki, na katika ubeti wa pili jogoo ameingia kabla ya tena. Fundi anasema anajua jinsi ya kumtoa, ila wanakwaya wamemwomba amwache.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Nyimbo zilizotungwa parokiani kwetu zimehifadhiwa wapi, na nani ana faili za asili? Kama hatujui, nani atafuatilia kabla ya kikao kijacho?

2. Kompyuta ya ofisi ya parokia ina programu zipi ambazo hatuwezi kuonyesha leseni wala risiti yake? Tutabadilisha ipi kwanza?

3. Kijana wetu wa kinanda akihama kijiji, nani mwingine anajua kubonyeza kile kitufe chekundu?